Mgonjwa Asiyefika

Msomaji, hutokea katika maisha ya watu saa ambapo mikono miwili hutakiwa kutenda kazi ya mikono minne. Nyumba mbili zikishika moto kwa wakati mmoja, na maji yakawa ya kuzima moto wa nyumba moja tu, mtu mwema hupatwa na shida ambayo wema wake hauwezi kuitatua. Wema humwambia aokoe. Haumwambii amwokoe nani. Kwa swali hilo la pili atahitaji hukumu, na hukumu itamwachia lawama hata akihukumu vizuri kadiri iwezekanavyo kwa mwanadamu.

Swali la namna hiyo liliikabili dunia mwaka 2020. Tarehe 11 Machi mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba maradhi ya korona yamekuwa janga la ulimwengu mzima, na siku mbili baadaye mgonjwa wa kwanza akatangazwa katika Kenya. Mengi yamekwisha kuandikwa juu ya watu waliouawa na korona, na yaliandikwa kwa haki. Mimi nataka kukuonyesha mtu mwingine: mtu ambaye hakuugua korona hata siku moja, na walakini korona ilimpunguzia maisha yake. Ni mgonjwa wa saratani aliyepaswa kufika hospitali mwaka ule, asifike. Nauliza, je, mtu afaye polepole ana haki ndogo kuliko mtu afaye upesi? Na kama haki zao ni sawa, ni nani awezaye kuulizwa habari za kifo ambacho hakuna mkono uliokitenda?

Ili tuhukumu kwa haki yatupasa tujue kwanza saratani ni adui wa namna gani. Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe hai zisizoonekana kwa macho. Kila chembe huzaliwa, hufanya kazi, hugawanyika kwa kipimo, na hufa kwa zamu yake. Saratani huanza chembe moja inapoacha kukitii kipimo hicho. Moja huwa mbili, mbili huwa nne, nne huwa nane, na mwenye mwili hana habari. Matabibu hukadiria kwamba kivimbe chenye upana wa sentimita moja, kiasi cha punje ya mahindi, kina chembe zipatazo milioni elfu moja. Piga hesabu, nawe utaona kwamba chembe moja huhitaji kujirudufu mara 30 hivi ili ifikie idadi hiyo. Na zikijirudufu mara 10 nyingine tu, uvimbe utakuwa na uzito wa kilo nzima, mzigo ambao ni wachache waubebao wakaishi. Kwa hiyo siku mwanamke anaposhtushwa na kijiwe kidogo katika titi lake, adui amekwisha kutembea robo tatu ya safari yake. Robo iliyosalia ndiyo mali yote ya mgonjwa. Ndani ya robo hiyo lazima nauli ipatikane, daktari aonwe, kipande kidogo cha uvimbe kikatwe kipelekwe maabara, majibu yarudi, kitanda kipatikane, na tiba ianze. Mtu aliyejaliwa kupata yote hayo kwa wakati aghalabu huishi. Aliyekosa moja, yote mengine yakachelewa kwa sababu ya hilo moja, hukuta mlango umefungwa.

Sasa tazama jinsi robo hiyo ilivyotumiwa mwaka 2020. Tangu tarehe 27 Machi watu wa Kenya waliwekewa kafyu. Hawakuruhusiwa kutembea toka saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Matatu za viti 14 ziliamriwa kuchukua abiria 8, na mahali pengi nauli ikapanda, kwa maana mwenye gari hakukubali kula hasara ya viti vitupu. Tarehe 6 Aprili njia za kuingia na kutoka Nairobi na viunga vyake zilifungwa. Siku mbili baadaye zikafuata njia za Mombasa, Kilifi na Kwale. Za Nairobi na Mombasa zikakaa hivyo mpaka mwezi wa Julai. Amri hizi hazikutolewa kwa chuki juu ya mtu yeyote. Zilitolewa na watu waliotazama hospitali za Italia zikifurika, wakaogopa kwa haki.

Walakini kumbuka jinsi tiba ya saratani ilivyopangwa katika nchi yetu. Kwa miaka mingi Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, ndiyo iliyotegemewa na umma wa nchi nzima kwa tiba ya mionzi. Tiba hiyo haitolewi mara moja ikaisha. Humtaka mgonjwa arudi siku baada ya siku kwa majuma kadhaa. Mtu wa mbali aliyezoea kupanda basi la usiku ili afike asubuhi alikuta basi la usiku limeondolewa na kafyu, na njia ya mchana imewekwa kizuizi. Huenda askari wa kizuizini angemwelewa, akampisha. Lakini mtu maskini, dhaifu wa mwili, asiye na barua mkononi, haanzi safari ya kilomita 200 kwa kutegemea neno "huenda".

Jirani zetu wa Uganda walikaza zaidi. Mwisho wa mwezi wa Machi magari ya abiria yalikatazwa, kisha yakakatazwa hata magari ya watu binafsi, na aliyetaka kumpeleka mgonjwa hospitali kwa gari alipaswa kwanza kuomba ruhusa kwa mwakilishi wa rais katika wilaya yake. Nataja Uganda kwa sababu maalumu. Huko Kampala, mwaka 1958, tabibu Denis Burkitt aliandika habari za saratani iliyovimbisha taya za watoto wa sehemu zetu za Afrika, na mpaka leo saratani hiyo huitwa kwa jina lake. Watu husema kwamba saratani ni ugonjwa wa polepole, unaoweza kungoja. Hii haingoji. Uvimbe wake waweza kuongezeka maradufu kwa muda wa siku moja au mbili. Wala si ugonjwa wa kukatisha tamaa, kwa kuwa dawa huushinda kwa watoto wengi wakiwahi kuzipata. Fikiri, basi, mtoto ambaye taya lake linavimba Jumatatu, na baba yake anatafuta karatasi ya ruhusa mpaka Jumatatu ya pili. Kwa mtu mzima mwenye mguu uliovunjika, juma moja ni maumivu ya juma moja. Kwa mtoto yule, juma moja laweza kuwa ndilo umri wake wote.

Huko kusini mwa India mzee mmoja wa kazi za kibarua, alipoona mabasi yamesimama, alimpakia mkewe mgonjwa wa saratani juu ya baiskeli, akaendesha zaidi ya kilomita 100 ili asikose siku yake ya dawa. Habari yake ilienea magazetini, na watu wakamsifu kwa upendo wake. Nami namsifu. Lakini sifa hiyo yanitia uchungu, maana upendo haukupaswa kutozwa bei ile, na wako wengi waliopenda vilevile wasiokuwa na baiskeli, au waliokuwa na umbali wa kilomita 300.

Huenda ukadhani, msomaji, kwamba yote hayo ni mambo ya umaskini na barabara, na kwamba penye utajiri mgonjwa alifika. Hasha! Katika Uingereza matibabu hayalipiwi mlangoni, na hapakuwa na mgonjwa aliyehitaji kibali cha mkuu wa wilaya ili amwone daktari. Hata hivyo mwezi wa Aprili 2020 idadi ya watu waliopelekwa kwa haraka kwa mabingwa, kwa kushukiwa kuwa na saratani, ilipungua kwa asilimia 60 hivi katika England, ikilinganishwa na Aprili ya mwaka uliotangulia. Saratani haikupungua. Waliopungua ni watu waliofika. Vipimo vya kuwatafuta wagonjwa wasiojijua vilisimamishwa. Hilo lilikuwa sababu moja. Lakini wengine walikaa nyumbani kwa hiari yao. Waliogopa kwamba hospitali ndiyo nyumba ya korona. Wengine walikuwa waungwana kupita kiasi: waliona aibu kumsumbua daktari kwa ajili ya kijiwe kisichouma wakati watu wanakosa pumzi. Wengine walikuwa na kikohozi, na kikohozi mwaka ule kilikuwa fedheha. Aliyekohoa aliambiwa akae ndani asitoke, naye akakaa, kumbe kikohozi chake kilikuwa cha saratani ya mapafu. Utii wake ulimponza.

Wataalamu wa England walikadiria mwaka 2020 kwamba ucheleweshaji huo, katika saratani nne tu, ungeleta vifo vya ziada kati ya 3,291 na 3,621 katika miaka 5. Nchini Marekani, Norman Sharpless, aliyekuwa mkurugenzi wa Taasisi ya Taifa ya Saratani, aliandika mwezi wa Juni mwaka huohuo kwamba saratani za matiti na za utumbo mpana zingeua karibu watu 10,000 zaidi katika muda wa miaka 10. Hayo yalikuwa makadirio. Hayakuwa hesabu ya makaburi. Hakuna awezaye kusimama juu ya kaburi moja akasema kwa hakika, huyu ni mmoja wao; kila mmoja wao ameandikiwa saratani katika hati yake ya kifo, na hati haisemi uwongo. Hapo ndipo ugumu wa swali letu ulipo. Wafu hawa wapo, na hawana majina.

Tunayo methali ya kale isemayo kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Ni methali yenye hekima, nayo imeokoa watu wengi. Lakini yaweka lawama yote juu ya mgonjwa, na mwaka 2020 lawama hiyo haikumstahili peke yake. Mtu aliyeambiwa na redio asitoke, akaambiwa na kondakta alipe nauli ya watu wawili, akaambiwa na jirani kwamba aendaye hospitali harudi, kisha akafika akakuta kliniki yake imesogezwa mbele bila tarehe, mtu huyo hakuficha maradhi. Tulimsaidia kuyaficha.

Sasa yafaa niwatetee matabibu, kwa kuwa ni rahisi mno kukaa katika kiti baada ya hatari kupita na kuwahukumu watu waliokuwa ndani yake. Dawa kali za saratani huua chembe za ugonjwa, lakini huzidhoofisha pia chembe za damu zinazoulinda mwili. Mgonjwa aliyetiwa dawa hizo ni kama mji ulioondolewa askari. Kumwita mtu kama huyo katika ukumbi wenye watu wanaokohoa, wakati chanjo ya korona ilikuwa haijapatikana, kulikuwa ni kumweka katika hatari ya kufa kwa juma moja ili kumwokoa na kifo cha mwaka mmoja. Tena ziko saratani ambazo kwa kweli huweza kungoja. Ziko za tezi kwa wanaume wazee ambazo hukua taratibu hata mwenyewe hufa kwa sababu nyingine. Tabibu aliyemwambia mgonjwa wa namna hiyo, "Kaa nyumbani, uje baada ya miezi mitatu," hakumtupa. Alimtibu kwa kumzuia asije. Basi kuahirisha si dhambi kwa nafsi yake.

Dhambi, kama ipo, naiona mahali pengine. Kuna kuahirisha kunakofanywa na mtu aliyepima: amemtazama mgonjwa huyu, amepima uvimbe huu, amehesabu hatari mbili, akachagua, akaweka tarehe, akaandika namba ya simu. Na kuna kuahirisha kunakotokea tu, kama vumbi litokeavyo juu ya meza isiyofutwa. Hakuna aliyekaa akaamua kwamba mwanamke fulani wa kijiji fulani asipimwe. Amri ilitolewa kwa ajili ya jambo jingine, na kwa bahati ilimpitia yeye. Watu wengi hudhani kwamba kuahirisha kwa pili kuna hatia ndogo, kwa sababu hakukukusudiwa. Mimi naona kinyume. Katika kule kwa kwanza mgonjwa alikuwamo katika mizani. Katika kule kwa pili hakuwekwa mizanini kabisa. Na asiyewekwa mizanini hawezi kuwa mzito hata angekuwa na uzito wa mlima.

Wewe uliye shuleni wajua daftari la mahudhurio. Mwalimu huita majina asubuhi, na kila aliyepo huitikia. Mwalimu mvivu huridhika na sauti zilizoitika. Huona darasa limejaa kelele, akaanza somo. Mwalimu mwema husimama penye jina lisiloitikiwa. Huuliza, "Yuko wapi? Nani aishiye karibu naye?" Kazi yake ya malezi imo zaidi katika ukimya ule kuliko katika kelele zile, kwa sababu waliopo wamekwisha kujileta wenyewe.

Kila siku mwaka ule Wizara ya Afya ilituitia daftari la korona: waliopimwa, waliopatikana nayo, waliopona, waliokufa. Taifa zima lilisikiliza, na lilifanya vema kusikiliza. Mpaka mwaka 2020 ulipokwisha, vifo vya korona vilivyoandikwa nchini Kenya havikufika 2,000. Kwa makadirio ya kimataifa ya mwaka huohuo, saratani iliua Wakenya wapatao 27,000, na wengine wapatao 42,000 waliingiwa na ugonjwa huo. Sisemi kwamba hesabu ya kwanza ilikuwa ndogo, kwa hiyo hofu ilikuwa bure. Yamkini ilikuwa ndogo kwa sababu watu waliogopa na kujilinda, tena si kila aliyekufa aliandikwa. Nasema kwamba daftari moja lilisomwa kila siku na la pili halikusomwa, na huruma ya watu hufuata daftari lisomwalo. Shirika la Afya Duniani lilipouliza nchi 155 mwezi wa Mei 2020, asilimia 42 zilijibu kwamba tiba ya saratani ilikuwa imevurugika kwao, kwa sehemu au kabisa. Maana yake, wenye nchi walijua. Jambo linalojulikana na halitangazwi hukaa katika makabati.

Hapa atatokea mtu mwerevu aniambie: jawabu ni jepesi, hesabu miaka. Mwanamke wa miaka 35 mwenye saratani changa ya mlango wa kizazi akitibiwa ataishi labda miaka 40 zaidi. Mzee wa miaka 85 aliyeshikwa na korona, hata akipona, ana miaka michache. Basi mpe kitanda mwenye miaka mingi. Nakiri kwamba hoja hii ina nguvu, na nakiri kwamba yaniogopesha. Mtu akianza kuwapima watu kwa miaka iliyosalia, atafika upesi mahali ambapo wazee ni bei rahisi, na vilema ni bei rahisi zaidi, na yeye mwenyewe, asipojihadhari, atakuwa bei rahisi kesho. Sikubali kwamba yule mzee asongwaye na pumzi mlangoni ana haki ndogo kwa sababu ya mvi zake. Ninachokikubali ni kidogo kuliko hicho, nacho kwangu chatosha: kwamba haki ya anayelia mlangoni haifuti haki ya asiyefika mlangoni. Tukimpa wa kwanza kitanda, tunabaki na deni kwa wa pili, na deni halilipwi kwa kusahauliwa. Hulipwa kwa kumtafuta. Ziko hospitali nyingi duniani zilizofanya hivyo katika mwaka uleule wa hofu. Zilitenga majengo ya saratani mbali na ya korona, zikawapigia wagonjwa simu badala ya kuwaita wasiohitaji kuja, zikawapa dawa za kumeza za kutosha muda mrefu. Hazikuwa na mikono minne. Zilikuwa na orodha ya majina.

Tena deni hili halijaisha, wala usidhani kwamba liliondoka pamoja na kafyu ilipoondolewa mwezi wa Oktoba 2021. Mwezi wa Oktoba 2019 Kenya ilikuwa imeanza kuwachanja wasichana wa miaka 10 dhidi ya kirusi kiletacho saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ni miongoni mwa saratani ziuazo wanawake wengi zaidi nchini. Dozi zilikuwa mbili, na baina yao miezi sita. Hesabu mwenyewe: msichana aliyepata dozi ya kwanza mwezi wa Oktoba alipaswa kupata ya pili mwezi wa Aprili. Mwezi wa Machi shule zilifungwa, na wanafunzi wengi hawakurudi darasani mpaka Januari 2021. Wazazi nao waliogopa zahanati. Saratani hii huchukua miaka 15 au 20 kuota tangu kirusi kilipoingia. Basi kifo kimoja cha mwaka 2020 chaweza kuandikwa katika hati ya mwaka 2045, na daktari atakayeitia sahihi huenda leo bado ni mtoto.

Walakini katika jambo hili pana bahati ambayo hakuna aliyeistahili. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilieleza, baada ya utafiti wa miaka mingi, kwamba kwa wasichana wadogo dozi moja yaweza kutoa kinga inayolingana na ile ya dozi mbili. Waliopata ya kwanza wakakosa ya pili hawakupoteza mengi kama ilivyodhaniwa. Majina yao yamo katika vitabu vya zahanati. Waliokosa zote mbili, kwa sababu walitimiza miaka 10 wakati shule imefungwa na njia imewekwa kizuizi, hawamo katika kitabu chochote. Mtu akitaka kuwapata itambidi aulize nyumba kwa nyumba, au darasa kwa darasa. Wasichana hao wamekua wakaingia shule za sekondari, na yamkini mmoja wao ameushika ukurasa huu. Kama ulikuwa na miaka 10 mwaka ule, muulize mama yako, na asipokumbuka, muulize muuguzi wa zahanati iliyo karibu nanyi, wewe umo katika kundi lipi.